Forodhani: Nani Anayechagua Chakula?

Familia yetu ina watu sita na haina chakula hata kimoja kinachopendwa na wote. Mwanangu wa miaka saba anakula chipsi, na chipsi tu. Dada yake hataki kitu kilichogusana na kitu kingine. Kachumbari ikimwagikia mkate, sahani nzima imeharibika. Mume wangu hali pweza, anadai pweza anamtazama. Shangazi kaacha ngano kwa amri ya daktari na nyama nyekundu kwa amri yake mwenyewe. Mie najiona sina shida, ingawa wenzangu wana maoni tofauti. Halafu yupo Bibi, mama yake mama, aliyekwisha vuka themanini. Huyu ndiye mgumu kuliko wote. Anachungulia, ananusa, anauliza, kisha anahamia meza nyingine.

Ndio maana tukitaka kula nje tunakwenda Forodhani. Mkahawani ukishakaa umekaa: mnapewa karatasi moja ya vyakula, na mtoto akigoma mnatazamana mpaka bili ije. Bustani ya Forodhani inampa kila mtu uhuru wake. Baada ya Maghribi meza zinapangwa, taa zinawashwa, moshi unapanda, na wapishi wa makoti meupe na kofia ndefu wanaanza kuita watu. Kila mmoja wetu anakwenda kwenye meza yake, kisha tunakutana ukutani kwenye upepo wa bahari, kila mtu na kifurushi chake, huku vijana wa makachu wakijirusha majini mbele yetu.

Mwezi uliopita Bibi alizunguka karibu saa nzima akitafuta mshikaki. Mwanangu akachoka. "Bibi, chagua tu basi!" Bibi hata hakugeuka. "Wee, mie nshakula nisichokichagua miaka mingi. Leo niache."

Nilicheka pale pale, lakini kauli ile nilirudi nayo nyumbani. Tunazoea kusema mtu mchaguzi amedekezwa. Bibi alikuwa anasema jambo jingine: kwamba kuchagua chakula kuna historia yake, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imepita palepale tulipokuwa tumesimama.

Tuanze na jina. Forodha ni nyumba ya ushuru. Kabla ya kuwa bustani, ufukwe huu ndio uliokuwa mlango wa mali zote za Unguja. Mkataba ambao Seyyid Said alifunga na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za wafanyabiashara wao. Sultani hakukusanya ushuru kwa mkono wake. Aliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na jina linalokumbukwa zaidi ni Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikuwa na asili ya Kutch. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana, kisha akatoza kila kilichoshuka. Karafuu zilipita hapa, na pembe za ndovu. Watu pia walipita hapa, wakahesabiwa na kutozwa ushuru kama mali, mpaka Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Ukikaa ukutani unakula, ni vizuri kulijua hilo.

Shughuli za bandari zilihamia Malindi katika miaka ya 1920. Eneo lililobaki wazi likageuzwa bustani mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, ikaitwa Jubilee Gardens. Jina hilo la sherehe halikudumu midomoni. Watu walibaki na forodha yao.

Na forodha haijaondoka kwenye meza. Tazama familia yangu. Mwanangu anajiona hali vitu vya ajabu, lakini chipsi zake ni mbatata, zao lililotoka milima ya Andes huko Amerika Kusini, na hata jina lake tumelipokea kwa Wareno. Tungule ya sosi anayochovya nayo ni ya Amerika. Mhogo, mahindi na pilipili, vivyo hivyo. Chapati, bajia na kachori zina ukoo wa India. Halua ina ukoo wa Uarabuni. Miwa inayosagwa pale kwa mashine pamoja na ndimu na tangawizi ilitoka Asia. Binti yangu anapenda ile inayoitwa Zanzibar pizza, ambayo si pizza: ni donge la unga linalovutwa mpaka linakuwa jepesi kama karatasi, linajazwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu, linakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa na mutabaki ya Yemen. Yeye anataka ya ndizi na chokoleti, na ndizi nayo ni mgeni kutoka Asia. Katika meza zote zile mwenyeji asiye na shaka ni pweza, anayechokolewa kwenye miamba yetu maji yakitoka, na mume wangu ndiye anayemkataa!

Kwa hiyo vyakula vilikuwepo. Swali ni nani aliyeruhusiwa kuvichagua.

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyekuja kujulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza maisha ya Bait al-Mtoni, jumba la baba yake kaskazini ya mji, na jinsi familia ilivyokusanyika kwenye meza ndefu ya chini iliyojaa vyakula. Ni meza ambayo mtoto yeyote mchaguzi angeiota. Lakini watu walikaa kwa daraja zao, na nafasi yako mbele ya sahani ilieleza nafasi yako mbele ya Sultani. Waliopika na kutenga hawakuwa wakiulizwa wanapenda nini.

Ruka mpaka Vita Kuu ya Pili. Unguja ilikuwa imeshazoea kula mchele wa kutoka nje, kwa sababu ardhi na nguvu za watu zilikuwa zimetolewa kwa karafuu. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, njia kubwa ya mchele ikakatika. Serikali ya kikoloni ikaleta mgao, na mgao ule ukapangwa kwa kufuata asili ya mtu. Mchele haukugawiwa sawa: asili uliyoandikishwa ndiyo iliyosema kama wewe ni mtu wa mchele au mtu wa mahindi na mhogo. Wanahistoria wa siasa za Zanzibar wanalitaja jambo hili miongoni mwa sababu zilizowafanya watu wang'ang'anie kuandikwa asili hii badala ya ile. Hebu fikiria: mtu anabadilisha jina la kabila lake ili apate wali. Vita vilipokwisha, ugumu wa maisha haukuisha. Mgomo mkubwa wa 1948, ambao Adam Shafi aliujengea riwaya yake ya Kuli, ulianzia bandarini kwa watu waliobeba chakula cha wengine mgongoni huku mishahara yao ikishindwa kukinunua.

Bibi alikuwa mchanga sana wakati wa vita. Hayo alisimuliwa na mama yake. Anayoyakumbuka mwenyewe ni ya baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume iliamua kubana uagizaji wa chakula kutoka nje. Nia iliyotangazwa ilikuwa visiwa vijilishe vyenyewe. Kilichofuata ni uhaba. Na huo haukuwa uhaba wa nchi isiyo na kitu: bei ya karafuu ilikuwa nzuri na akiba ya fedha za kigeni ilikuwepo. Fedha ipo, wali haupo. Chakula kikawa cha mgao, na mgao ukawa foleni. Bibi wakati huo ana watoto wanne, anaamka alfajiri kupanga foleni ya boflo, anamwachia jirani nafasi yake kwa kuweka jiwe chini, anakimbia kwenda kupanga foleni ya sukari. "Ukifika mbele huulizi kuna nini," anasema. "Unafungua kikapu." Jioni ni mhogo. Kesho yake mhogo. Watoto wakinuna, hakuna cha kuwapa badala yake.

Ukimsikiliza vizuri, hasemi kwamba walikufa njaa. Wala hasemi mgao ule ulikuwa sawa na ule wa wakoloni. Ule wa vita uliwapanga watu kwa asili, na huu wa baada ya Mapinduzi ulikuja na ahadi ya usawa, na ahadi ile ilikuwa na maana kwa watu waliowahi kuambiwa wao si watu wa wali. Anachosema ni kwamba mtu mzima, mama wa watoto, alipoteza neno dogo sana: "sitaki". Huwezi kusema sitaki kama hakuna kingine. Mpaka leo Bibi hagusi mhogo, uwe wa nazi, wa kuchoma au wa kukaanga. Watoto wetu wanaugombania.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Aboud Jumbe aliyemfuata akalegeza kamba. Lakini bei ya karafuu ilipoanguka, dhiki ikarudi kwa sura nyingine. Ni mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipoingia kuiongoza Zanzibar, ndipo milango ya biashara ilipofunguliwa kweli kweli na maduka yakajaa tena. Mama yangu anakumbuka siku Bibi alipoingia dukani akakuta aina mbili za mchele. Alisimama muda mrefu, kisha akatoka bila kununua. Akarudi kesho yake.

Tangu hapo mji umebadilika haraka. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikawa na njia, taa, na mahali rasmi pa wauza chakula. Nyuma yake Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, liliporomoka sehemu mnamo Desemba 2020. Watalii wanazidi kuja, na meza zimejifunza kuzungumza nao.

Hapa ndipo penye swali la leo. Asili haiulizwi tena, na foleni hakuna. Kinachopanga watu sasa ni mfuko. Kwenye sinia nyingi bei haijaandikwa. Inatazama uso wako kwanza. Kamba wakubwa na ngisi wamepangwa kwa ajili ya mgeni, na pweza aliyekuwa kitoweo cha mtu wa kawaida leo anashindaniwa na hoteli. Wenyeji wengi tunachagua pembeni mwa meza: urojo, miwa, mhogo, mshikaki mmoja mmoja. Sisemi ni kosa la wauzaji. Nao wana watoto nyumbani, wengine labda wachaguzi kama wangu. Nasema tu kwamba bustani ya kila mtu inaweza, polepole na bila tangazo lolote, kuwa bustani ambayo wengine wanachagua na wengine wanatazama.

Kwa wenye familia kama yangu, haya ndiyo tuliyojifunza. Fikeni Maghribi, kabla chakula hakijakaa. Zungukeni meza zote mara moja bila kununua, hata mkiitwa kwa majina matamu. Kinachopikwa mbele ya macho yako kishinde kilichochomwa zamani kikasubiri kupashwa moto. Angalia wenyeji wenye watoto wamesimama wapi. Uliza bei kabla ya kunyoosha kidole. Na kwa mtoto asiyetaka vyakula viguswane, usijaribu urojo. Humo bajia, kachori, mbatata, yai na chatne vinaogelea pamoja kwenye supu moja ya manjano, na utarudi naye nyumbani analia.

Usiku ule, baada ya saa nzima, Bibi alirudi kwenye meza ya kwanza kabisa aliyoanzia. Aliuliza bei, akaipunguza, akanunua mishikaki miwili ya ng'ombe. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Mmoja akaurudisha.

"Huu umeungua upande huu, baba."

Kijana aliuchukua bila neno, akamchagulia mwingine. Bibi akautazama huo nao.

"Haya," akasema.