Kujitolea katika kituo cha kuokoa wanyamapori nje ya nchi: mambo ya kujua kwa kijana wa Ndau

Tangu nirudi Ndau kutoka Uganda, haipiti wiki bila kijana kunisimamisha njiani kuniuliza: nami nitaendaje? Wengine wameshaandikiwa ujumbe kwa simu na mawakala wanaowaahidi nafasi ya "kujitolea na wanyama" Ulaya au Uarabuni, na wameambiwa watume ada kwanza. Kwa kuwa majibu yangu ni yale yale, nimeona niyaandike hapa yote, ili mzazi na kijana wayasome pamoja kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kituo cha kuokoa wanyamapori ni nini

Kituo cha kuokoa ni mahali anapopelekwa mnyama wa porini aliyejeruhiwa, aliyeachwa yatima au aliyenyang'anywa wafanyabiashara wa magendo. Kazi yake ya kwanza ni kumtibu. Ya pili ni kumrudisha porini ikiwezekana. Ya tatu, na ndiyo ndefu kuliko zote, ni kumtunza maisha yake yote ikiwa kurudi hakuwezekani.

Hapo ndipo kinapotofautiana na bustani ya maonyesho. Kituo cha kweli hakinunui wanyama na hakiwauzi. Hakiwazalishi ili kipate watoto wa kupigwa picha. Ukiona mahali mgeni anapewa mtoto wa simba ambebe kwa malipo, jiulize mama yake yuko wapi, na akikua atapelekwa wapi.

Vituo vinavyojulikana Afrika Mashariki

Huna haja ya kwenda mbali. Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kuna kituo cha elimu ya wanyamapori cha Uganda kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Hadi leo hupokea wanyama walionyang'anywa wasafirishaji haramu, wakiwemo kasuku wa kijivu, ambao biashara yao ya kimataifa ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 2017.

Kiasi cha kilomita 23 kutoka Entebbe, ndani ya ziwa, kiko kisiwa cha Ngamba. Mtu wa Ndau akilisikia jina hilo atamfikiria ng'amba, yule kasa mwenye gamba la thamani. Jina limefanana tu. Ngamba ya Uganda ni makao ya sokwe, na yalianzishwa mwaka 1998. Kisiwa kina ekari 100 hivi, karibu zote zikiwa msitu, na ndani yake wanaishi sokwe wapatao 50. Kilichaguliwa kisiwa kwa sababu sokwe hajui kuogelea, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo ukuta. Upande wa wanadamu umetengwa na msitu kwa waya wa umeme.

Kongo, katika jimbo la Kivu Kusini, kuna kituo cha Lwiro kilichoanza mwaka 2002 karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, nacho hutunza sokwe na nyani wa aina nyingi. Mlinzi wa pale huzungumza Kiswahili, jambo ambalo lingekufaa sana, lakini vita vya mashariki ya Kongo vinanifanya nisimshauri mtu kwenda huko sasa. Hapa kwetu Kenya, Ol Pejeta kule Laikipia ina makao ya sokwe yaliyofunguliwa mwaka 1993, wakati sokwe walipolazimika kuhamishwa Burundi kwa sababu ya vita. Kenya haina sokwe wa asili. Wengi wa hao wa Ol Pejeta walikuja kama wakimbizi.

Vituo vingi vya aina hii barani vimo katika muungano mmoja wa vituo vya Afrika ulioundwa mwaka 2000, unaojulikana kwa kifupi PASA. Kuwamo katika muungano huo ni dalili nzuri, na ni rahisi kuhakikisha: muulize wakala jina la kituo, kisha uwasiliane na kituo chenyewe. Wakala asiyetaka kukutajia jina, achana naye.

Kwa nini sokwe hawarudishwi msituni

Swali hili niliulizwa na kila mtu nyumbani. Kwa kila sokwe mchanga aliyeokolewa, mara nyingi kuna mama aliyeuawa, na pengine na jamaa wengine waliokuwa wakimlinda. Mtoto hujifunza kwa mama yake kwa miaka mingi: tunda gani huliwa, kitanda cha majani hufumwaje, nani wa kuogopwa. Aliyelelewa na watu amekosa somo hilo, na tena amepoteza hofu ya binadamu. Akiachiwa msituni atakwenda moja kwa moja shambani kwa mtu. Sokwe wa mwituni nao hawampokei mgeni kwa wema, wanaweza kumwua. Na msitu wenyewe unazidi kupungua.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 akifikishwa kituoni, kituo kimejitwika mzigo wa miaka 40 au zaidi. Ndiyo sababu majike wa Ngamba hupewa dawa za kupanga uzazi. Nafasi na chakula vimewekwa kwa yatima watakaoletwa kesho.

Kazi yenyewe

Mimi nilikaa wiki sita katika kituo kimoja cha Uganda. Siku ilianza kabla ya jua kuchomoza na kuishia jioni. Tulikata matunda na mboga, kapu juu ya kapu. Tulipika uji. Tulifagia na kuosha vyumba wanamolala wanyama, tukakata majani mabichi ya kulalia, tukabeba maji, tukaandika daftarini nani amekula na nani amekataa. Kukataa kula ndiyo habari ya kwanza anayoitaka daktari wa wanyama.

Je, nilimbeba sokwe? Hata mara moja sikumgusa. Ugonjwa mwingi unaompata mwanadamu humpata sokwe pia, na mafua yetu ya kawaida yanaweza kumwua. Tulivaa barakoa, tuliosha mikono na kukanyaga maji ya dawa kila tulipoingia. Anayekohoa alibaki chumbani. Kijana anayetamani kwenda ili apige picha akiwa amekumbatiwa na mnyama, namwambia mapema asijisumbue.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba mazoea ya kisiwani yalinisaidia. Kuamka alfajiri, kupakua boti, kuhifadhi maji matamu, kukaa na watu wale wale siku nyingi bila ugomvi: mambo haya kijana wa Ndau ameyazoea, wakati wageni wengine yaliwachukua wiki nzima.

Vitu vya kutayarisha

Kitambulisho. Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Kwa Tanzania chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Lakini kuvuka mpaka ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine, hata kama kazi haina mshahara. Kiombe kituo kikueleze kwa maandishi kama unahitaji kibali na nani atakishughulikia.

Chanjo. Cheti cha homa ya manjano huulizwa mpakani. Vituo vya sokwe hutaka zaidi: kwa kawaida uthibitisho wa chanjo za homa ya ini, surua, polio na pepopunda, na kipimo kinachoonyesha huna kifua kikuu. Anza mapema, maana chanjo nyingine huchomwa zaidi ya mara moja na hupishana kwa wiki au miezi.

Umri na afya. Vituo vingi havipokei aliye chini ya miaka 18. Sema ukweli kuhusu maradhi uliyo nayo.

Pesa. Hapa ndipo wengi hushtuka. Mtu anayejitolea mara nyingi ndiye hulipa. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hulipia chakula, kitanda na sehemu ya gharama za wanyama, na malipo hayo ni pato kubwa la kituo. Kwa raia wa Afrika Mashariki ada huweza kuwa ndogo, na mwanafunzi wa chuo anaweza kupokewa kwa mafunzo ya vitendo chini ya utaratibu mwingine. Uliza waziwazi: nitalipa nini, nitapewa nini, na nikiugua nani ataniuguza? Lipa kituo chenyewe, kwa risiti.

Nauli. Piga hesabu ya safari nzima: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, Nairobi, kisha Busia au Malaba na Kampala. Weka akiba ya kurudia ambayo hutaigusa kwa lolote.

Dalili za ulaghai

Mawakala wanaozunguka visiwani wanajua vijana wetu hawana kazi. Jihadhari ukiona mojawapo ya haya: unaahidiwa mshahara mnono kwa kazi inayoitwa ya kujitolea, unaambiwa utoe pasipoti ikae kwao, unatakiwa kutuma pesa kwa namba ya mtu binafsi, nchi unayopelekwa inabadilika kila mkizungumza, au unakatazwa kuwaambia wazazi. Tumesikia ya waliokwenda kwa jina la kazi moja wakajikuta katika nyingine. Neno "wanyama" lisikulaze usingizi.

Uokoaji ulioko mlangoni petu

Kuna jambo nililolifikiria sana nikiwa kule. Watu huvuka bahari na kulipa ili wamwokoe mnyama, nasi tunakaa mlango mmoja na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, mahali ambapo kasa hupanda pwani kutaga. Karibu miaka 2,000 iliyopita kitabu cha wanamaji wa Kiyunani, Periplus, kilitaja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa za pwani hii. Tumewajua kwa muda mrefu, na tumewala kwa muda mrefu.

Leo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda kasa wote, nyama, mayai na gamba. Lakini kinachowaua wengi ni jarife lililotegwa kwa papa na taa. Kasa hupumua hewa kama sisi. Akinaswa chini usiku kucha, asubuhi mvuvi hukuta maiti, na jarife limechanika. Hasara ni ya wote wawili.

Kasa wa kawaida hutaga mayai mia moja hivi kwa shimo moja, na huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Wengi wa vifaranga huliwa na kaa, ndege na samaki. Anayesalia huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo kasa mkubwa mmoja anayekufa wavuni ni hasara isiyozibwa kwa haraka.

Mvuvi anaweza kufanya haya. Ukimkuta kasa amelegea, usidhani amekufa, wala usimtupe majini, atazama. Mlaze kwa tumbo, si kwa mgongo. Inua sehemu ya nyuma kiasi cha shubiri moja ili maji yatoke mapafuni. Mweke kivulini na umfunike kitambaa kibichi, lakini acha pua wazi. Mpe saa 4 au zaidi, hata siku nzima. Akianza kuinua kichwa na kupiga makasia, mrudishe baharini taratibu, mbali na nyavu. Akiwa na ndoana mdomoni usiivute. Kata uzi na utoe taarifa kwa Shirika la Wanyamapori au viongozi wa ufuo.

Haya yameshafanyika kwingine. Watamu, kikundi kilichoanza mwaka 1997 hushirikiana na wavuvi: mvuvi akinasa kasa hupiga simu, kasa hupimwa uzito na urefu, hufungwa kibati cha namba, huachiwa, na mvuvi hufidiwa kidogo kwa muda wake. Aliye mgonjwa hulazwa. Wapo wanaoletwa wakielea bila kuweza kuzama, matumbo yamejaa plastiki. Maelfu ya kasa wamerudishwa baharini kwa njia hiyo, na wengi wa waliowaleta ni wavuvi wenyewe. Shela nako kuna watu waliolinda mashimo ya mayai tangu miaka ya 1990.

Kwa hiyo kijana akiniuliza pa kuanzia, humwambia aanze Watamu au hapa hapa ufuoni: aandike kasa wangapi wamenaswa, wapi, kwa nyavu gani, wangapi wakiwa hai. Daftari la miezi sita la namna hiyo lina uzito kuliko barua ya wakala yeyote, na kituo cha Uganda au kwingineko kitalisoma kabla ya kuangalia cheti chako. Nami nimeweka langu kwa wavuvi wa ufuo wa Ndau. Anayetaka kusaidia kuandika aje jioni, boti zinaporudi.