Mfuko wa Mji na Maji ya Mlima

Asimamaye katika soko la Morogoro alfajiri, akainua macho kuelekea kusini, huiona milima ya Uluguru imejifunika ushungi wa mawingu. Maji ya mji hutoka huko. Huko ndiko watokako pia akina mama wanaoteremka na ndizi, mboga na matunda vichwani, nao hulipa ushuru kabla hawajauza fungu la kwanza. Wanafunzi hupenda kuuliza fedha za halmashauri huenda wapi. Ni swali jema. Lakini historia ya mahali hapa yatutaka tuulize kwanza swali jingine: je, mlipaji aliulizwa?

Ushuru hapa ni mkongwe kuliko serikali za kigeni. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga mji wenye boma la mawe chini ya mlima, na misafara itokayo pwani ililipa hongo ili ipite. Stanley alipopita mwaka 1871, aliyetawala alikuwa binti Kisabengo, Simbamwene, na wawili hao waligombana juu ya hongo hiyo hiyo. Siku zile neno hilo halikuwa na aibu. Lilikuwa ada ya njia. Jinsi lilivyoshuka hadhi hata likawa jina la rushwa, hilo wataalamu wa lugha watatueleza siku moja.

Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwaka 1897, reli ikafika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1909 misitu ya Uluguru ikawekewa mipaka. Waingereza nao wakagawa mambo mafungu mawili. Mji uliwekwa chini ya sheria ya miji midogo ya mwaka 1920, ukasimamiwa na maofisa wa serikali. Mlima uliwekwa chini ya Utawala wa Wenyeji, ambao kwa sheria ya mwaka 1926 ulipata hazina yake, ikijazwa kwa sehemu ya kodi. Hivyo mlima na mji vilikunywa mto mmoja lakini havikuwa na mfuko mmoja, wala baraza moja la kusemea.

Ubaya wa mpango huo ulidhihirika baada ya mwaka 1950. Serikali iliona udongo wa Uluguru unamomonyoka na kuchafua mito iendayo bondeni, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi. Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni, bila ujira, na asiyechimba alitozwa faini. Hofu ya serikali haikuwa ya uongo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na jembe lilipofukua lilileta juu udongo wa chini usio na nguvu, mazao yakadhoofu. Mwananchi alitoa kodi, akatoa na jasho, akavuna kidogo, na faida ya maji safi ikaenda kwa watu wa bondeni ambao hakuwajua. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa.

Baada ya Uhuru tulifanya makosa yetu wenyewe. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani, na zile za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Mipango na fedha vikawa mikononi mwa maofisa wa serikali kuu. Takataka zilirundikana mijini, mitaro ikaziba, na kipindupindu kikalipuka nchini mwaka 1977. Mwaka uliofuata sheria ilizirudisha halmashauri za miji. Sheria za mwaka 1982 zikazipa mamlaka na vyanzo vya mapato, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikarejea nchi nzima. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa.

Zilirudi pamoja na kodi ya maendeleo. Nikiwa karani kijana katika miaka ya 1990, katika halmashauri ambayo sitaitaja, nilikaa kwenye kizuizi cha barabara pamoja na mgambo wawili. Wanaume walipita mashambani ili wasionwe. Mzee mmoja aliyekamatwa aliipokea risiti, akaigeuza upande wa pili, akaniuliza, “Mwanangu, hii itatuletea nini kule kwetu?” Nilimwambia asogee, foleni ilikuwa ndefu. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na sikumsikia mtu akiililia.

Tangu hapo halmashauri zimeegemea zaidi ruzuku ya Hazina. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 mwananchi huilipa anunuapo umeme. Ukusanyaji umekuwa mwepesi. Lakini anayelipa hamwoni tena diwani wake nyuma ya fedha hiyo. Maji nayo yana mamlaka yake na ankara yake, yakitoka hasa katika bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 kwenye mto Ngerengere.

Lakini liko jambo moja lililofanyika mlimani ambalo walimu wangelisimulia sambamba na habari za Matombo. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo Juu, kwenye vijito vinavyoingia mto Ruvu, mto uinyweshao Dar es Salaam. Walikaa na wakulima kwanza. Shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, pamoja na kampuni ya Coca-Cola, wakakubali kuchangia fedha, na mkulima aliyehifadhi shamba lake akalipwa kwa kazi yake. Baadhi ya wakulima walipanda miti. Wengine, kwa hiari yao, walichimba matuta ya ngazi.