Ngara, Chumbe na Mwaka 1994

Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa siku mbili tu. Walikuwa wanakimbia vita na mauaji nchini mwao. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kwa ghafla, na mji huo ulihitaji kuni na kitoweo. Miti ikakatwa, nyamera na nyati wa mapori ya Biharamulo na Burigi wakawindwa hadi wakapungua mno.

Mwaka huohuo, kisiwa kidogo cha Chumbe karibu na Unguja kilitangazwa hifadhi ya matumbawe.

Huko, tofauti na Ngara, mpango ulitangulia wageni. Wavuvi walifunzwa kuwa walinzi na waongozaji. Vikajengwa vibanda 7 pekee vya kulala, vinavyokinga maji ya mvua mapaani na kutumia umeme wa jua. Vyoo ni vya mboji, maji machafu yasifike baharini. Mgeni huogelea juu ya matumbawe akiwa na mwongozaji, maana teke moja la mguu huvunja kilichokua kwa miaka mingi.

Ngara na Biharamulo sasa zina nafasi hiyo ya kupanga kabla wageni hawajafika. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na watalii bado si wengi. Basi wasimamizi waweke ukomo wa vitanda na magari kando ya Ziwa Burigi leo, kabla hoteli hazijaota.