Goti Si Bawaba

Mwezi Mei 1890, mjini Berlin, daktari mpasuaji Themistocles Gluck alimpasua goti msichana wa miaka 17. Kifua kikuu kilikuwa kimeingia kwenye kiungo na kuila mifupa. Siku hizo goti la aina hiyo lilikuwa na njia mbili tu: mguu ukatwe, au mfupa wa paja na ule wa muundi iachwe ishikane, mgonjwa aishi na mguu usiokunjika maisha yake yote. Gluck alichagua njia ya tatu. Aliondoa ncha zilizooza, na mahali pake akapachika kiungo kilichochongwa kwa pembe ya ndovu: vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, kila kimoja na mchi wake uliozamishwa ndani ya mfupa. Hata saruji ya kukishikilia aliibuni mwenyewe, akichanganya plasta, unga wa mawe mepesi ya volkeno na ulimbo wa msonobari.

Msomaji wa pwani ana sababu ya kutua kidogo hapa. Pembe laini walizozipenda mafundi wa Ulaya, wale waliochonga vibonye vya piano na mipira ya biliadi, zilitoka kwa wingi Afrika Mashariki. Zilifika Bagamoyo mabegani mwa wapagazi waliotembea miezi mizima kutoka bara, zikauzwa Zanzibar, kisha zikavuka bahari. Biashara hiyo, pamoja na machungu yake yote, ilichangia kuifanya pembe kuwa mali ya kawaida katika karakana za Ujerumani. Gluck aliona kwamba inachongeka vizuri na kwamba mwili hauikatai upesi.

Kwa muda magoti aliyoyaweka Gluck yalifanya kazi. Kisha ugonjwa uliokuwa bado umejificha kwenye nyama ukarudi, usaha ukatoka, na baadhi ya viungo hivyo vikalazimika kung'olewa. Ernst von Bergmann, mkubwa wa upasuaji mjini Berlin, aliipinga kazi hiyo waziwazi na kumzuia Gluck asiitangaze mbele ya wenzake. Gluck mwenyewe alikuja kukubali kwamba kiungo chenye kifua kikuu hakifai kuwekewa goti bandia. Wazo likalala zaidi ya nusu karne.

Lakini hata kama kifua kikuu kisingekuwapo, goti lile lilikuwa na kasoro nyingine, na ndiyo iliyowasumbua wapasuaji kwa muda mrefu zaidi. Kaa kwenye kiti, kunja goti nyuzi 90, unyayo ukiwa sakafuni. Sasa geuza vidole vya mguu viangalie ndani, halafu nje, bila kusogeza paja. Shika muundi kwa mkono na utausikia ukizunguka. Nyoosha mguu kabisa, na ule mzunguko unatoweka; goti limejifunga ili likubebe ukisimama. Kila linapokunjika, mfupa wa paja hubingirika juu ya muundi kurudi nyuma kidogo, huteleza, na huzunguka, yote kwa wakati mmoja. Bawaba haijui hata moja kati ya hayo. Inafunguka na kufunga. Mtu mwenye bawaba gotini akigeuka ghafla, ule msokoto hauna pa kwenda isipokuwa kwenye michi na mfupa unaoishika, na polepole michi hulegea.

Hayo ndiyo yaliyowapata wagonjwa wa miaka ya 1950. Huko Sweden, Börje Walldius alianza mwaka 1951 kuweka bawaba za akriliki, baadaye za chuma. Uingereza, L. G. P. Shiers aliweka zake. Wengi waliofanyiwa upasuaji huo walikuwa watu walioharibiwa viungo na baridi yabisi, ambao kufika chooni kwa miguu yao wenyewe kulikuwa tayari ushindi mkubwa. Si haki kuwabeza wapasuaji hao. Walimpunguzia maumivu mtu ambaye hakuwa na kimbilio lingine. Ila kucheza mchezo wowote kwa goti kama lile halikuwa jambo la kufikiriwa.

Mlango ulifunguka katika hospitali ya Wrightington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Hospitali hiyo ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomshinda Gluck. Dawa mpya zilipowapunguza wagonjwa hao, mpasuaji John Charnley alipata nafasi ya kufanya kazi yake ya nyonga bandia. Alileta mambo mawili ambayo goti lingeyarithi: saruji ya akriliki ya kushikilia chuma kwenye mfupa, na kuanzia mwaka 1962, plastiki ngumu ya poliethilini ambayo chuma huteleza juu yake bila kuisaga upesi.

Hapo ndipo alipofika Frank Gunston, kijana kutoka Kanada aliyesomea uhandisi kabla ya udaktari. Alikuja kujifunza nyonga, akavutwa na goti. Kwa jicho la mhandisi aliona kwamba goti halina ekseli moja. Kitovu cha mzunguko wake huhama kadiri linavyokunjika. Basi akaacha kabisa kuunganisha mifupa miwili kwa chuma. Mwaka 1968 aliweka vipande vyembamba vya chuma vyenye umbo la nusu duara kwenye ncha ya paja, na chini yake, juu ya muundi, vijia vya plastiki vya kuvipokea. Kano za mgonjwa mwenyewe ndizo zilizoachiwa kazi ya kushika kila kitu mahali pake. Gunston hakuliwekea wazo hilo hataza, na kwa maoni yangu uamuzi huo unastahili kukumbukwa sawa na uvumbuzi wenyewe, kwa kuwa uliwaachia wengine njia wazi.

Wengine walikuja haraka. London, Michael Freeman na mhandisi Alan Swanson walitoa goti lao mwaka 1970. New York, katika Hospital for Special Surgery, John Insall na Chitranjan Ranawat, wakiwa na mhandisi Peter Walker, walikamilisha mwaka 1974 goti lililofunika uso mzima wa kiungo, pamoja na kipande cha plastiki nyuma ya kilegesambwa. Wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka 15, zaidi ya 90 katika kila 100 ya magoti hayo yalikuwa bado mahali pake. Magoti yanayowekwa leo, Muhimbili au Kijabe au kwingineko, ni watoto na wajukuu wa lile la 1974.

Chuma kilipotulia, swali likahamia kwa mgonjwa. Alale muda gani? Anyanyuke lini? Desturi ya zamani ilikuwa kukifunga kiungo kilichopasuliwa na kukiacha kipumzike, na wengi waliamka na magoti yaliyokakamaa. Robert Salter wa Toronto alipinga desturi hiyo. Tangu 1970 alifanya majaribio kwa sungura na kuona kwamba gegedu lililojeruhiwa hupona vizuri zaidi kiungo kikisogezwa bila kukoma kuliko kikifungwa. Kutokana na kazi yake zikaja mashine za kukunja na kukunjua mguu kitandani, polepole, saa baada ya saa, na katika miaka ya 1980 zilienea kwenye wodi za magoti. Baadaye ikaonekana kwamba mgonjwa anayefanya mazoezi mwenyewe hapitwi sana na yule wa mashine. Salter hakukosea kuhusu mwendo. Lakini mashine hukunja goti bila kuuamsha msuli, na aliyepasuliwa goti huumizwa zaidi na msuli uliolala.

Msuli wenyewe ni ule mkubwa wa mbele ya paja. Katika wiki za kwanza baada ya upasuaji hupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, kwa sababu ya uvimbe na kwa sababu ubongo unakataa kuuamrisha kikamilifu. Ndiyo maana zoezi la kwanza la mtaalamu wa viungo huonekana dogo mno. Mgonjwa amelala chali, taulo imekunjwa chini ya kisigino, na anaambiwa akandamize goti chini kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Siku ya kwanza wengine hukaza uso na ngumi, na paja halitikisiki hata kidogo. Kesho yake nyama inachezacheza juu ya kilegesambwa. Baada ya hapo kisigino kinaburutwa kuelekea makalioni. Zikifika nyuzi 90 mtu anaweza kukaa kitini bila taabu, na mbele kidogo ya hapo ngazi zinapandika. Kunyoosha kunadai juhudi kuliko kukunja, na wengi hukusahau. Goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee hata kama linakunjika vizuri.

Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, akiwa na fremu ya kutembelea, halafu magongo, halafu mkongojo mmoja. Na akiwa ni mtu wa gofu, akishafika hapo lazima ataulizia uwanja.

Kwa miaka mingi madaktari walijibu kwa wepesi. Mpira wa miguu hapana, kukimbia hapana, gofu sawa. Ni mchezo wa watu wazima, unatembea kwenye nyasi na kupiga mpira uliotulia. Mmoja aliyejua kwamba jibu hilo halitoshi ni William Mallon. Kabla ya kuwa mpasuaji wa mifupa, Mallon alicheza gofu ya kulipwa kwenye mashindano ya PGA ya Marekani katika miaka ya 1970, na aliujua mwili wa mchezaji kwa ndani. Mwaka 1993, pamoja na John Callaghan, alichapisha uchunguzi wa wachezaji wa gofu waliobadilishwa goti. Walikuwa wamerudi mchezoni, wengi wakizunguka uwanja kwa kigari badala ya miguu, na mipira yao haikufika mbali kama zamani. Ila miongoni mwa wanaopiga kwa mkono wa kulia, waliowekewa goti la kushoto waliumwa zaidi kuliko wenzao wa goti la kulia.

Sababu ilipatikana La Jolla, California. Mwaka 2004, madaktari wa Scripps Clinic, kati yao Clifford Colwell na Darryl D'Lima, waliweka mwilini mwa mgonjwa goti bandia lenye vipima-nguvu ndani yake. Koili ilifungwa nje ya muundi kulipatia umeme, na goti likatuma vipimo kwa redio wakati mwenyewe akitembea, akiendesha baiskeli au akipiga mpira. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliwashangaza wengi. Baiskeli ilibebesha goti mzigo wa zaidi kidogo ya uzito wa mwili. Kutembea, kama mara mbili na nusu. Kupiga gofu kuliliweka goti la mbele chini ya mzigo wa takriban mara 4.5 ya uzito wa mwili, na lile la nyuma zaidi kidogo ya mara 3. Kwa mtu wa kilo 80, goti la mbele linabeba kama kilo 360 kwa kufumba na kufumbua.

Anayepiga kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto upande mpira unakokwenda. Fimbo inaposhuka, uzito wote unahamia huko, unyayo umegandamana na nyasi, nyonga inazunguka kwa nguvu kuelekea shimoni, na goti, likiwa katikati, linasokotwa wakati uleule linaponyooka. Bawaba ya Walldius ingeng'oka hapo.

Maabara ya Scripps ipo kwenye barabara ya Torrey Pines, karibu kabisa na uwanja wa gofu wa jina hilo. Juni 2008, mwaka uleule wa ripoti, Tiger Woods alishinda US Open katika uwanja huo kwa mashimo 91, mguu wake wa kushoto ukiwa na nyufa kwenye mfupa wa muundi na kano ya msalaba iliyokatika. Goti lake halikuwa bandia. Lakini aliyetaka kuona ule mzigo ukifanya kazi aliuona usoni pake kila alipomaliza kupiga.

Ushauri wanaopewa wagonjwa leo unafuata vipimo hivyo. Unyayo wa mbele ugeuzwe nje kidogo kabla ya kupiga, na uachwe ugeuke baada ya mpira kuondoka, ili msokoto utoke kwenye goti. Viatu visiwe na miiba mirefu inayoukita mguu ardhini. Kurudi huanza na kusukuma mpira shimoni, kisha mapigo mafupi, kisha fimbo fupi, na pigo kamili la kwanza kwa kawaida huja baada ya miezi mitatu au zaidi, mashimo 9 kabla ya 18. Mwenye goti jipya la mbele huambiwa asubiri zaidi ya yule wa goti la nyuma.

Mchezaji gofu wa kulipwa Fred Funk alibadilishwa goti Novemba 2009, akiwa na miaka 53. Agosti iliyofuata, huko Oregon, alishinda The Tradition, moja ya mashindano makubwa ya wachezaji waliotimiza miaka 50. Habari hiyo iliwapa moyo wengi waliokuwa bado wanatembelea magongo, na ilistahili. Ila Funk hupiga kwa mkono wa kulia, na goti lililobadilishwa lilikuwa la kulia, lile la nyuma. Mwenye goti jipya la kushoto anayetaka kumfuata bado inambidi afungue unyayo wake wa mbele na aanze na mapigo mafupi.