Nusu ya Hukumu: Ardhi ya Ukoo Kagera na Wajibu wa Wanazuoni wa Sheria

Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomwelemea na kukosa wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani kupinga mauzo hayo, akitegemea Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo humruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi, Mahakama ya Wilaya ikautengua. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni hiyo inakiuka ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi.

Tangu hapo wanazuoni wa sheria, ndani na nje ya nchi, hawajaacha kuisifu hukumu hiyo, nami naiheshimu. Lakini hoja yangu ni kwamba sifa hizo zimegusa nusu yake tu, na nusu iliyoachwa ndiyo ambayo ingesikilizwa kwa makini zaidi katika kata kama Ndama, hapa Karagwe.

Jaji Mwalusanya hakuufuta ukoo. Aliona kwamba chini ya mila ile ile mwanamume akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu zake, mauzo hayafi. Mwanaukoo yeyote anaweza kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha alizotoa. Alichofanya jaji ni kutamka kwamba sharti hilo sasa linamhusu muuzaji wa kike sawasawa na wa kiume. Kwa maneno mengine, haki ya kuuza ilikuja pamoja na haki ya kukomboa. Mpwa hakufungiwa mlango. Aliambiwa kwamba kama anaitaka ardhi ya babu yake, ailipie.

Kwa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, kama kwa jirani zao Wahaya, kibanja ni migomba na kahawa, na mara nyingi ni makaburi ya waliotangulia. Wazee wanaopinga binti kurithi si wote wanaomchukia binti. Wengine wanaogopa kuamka na kumkuta mgeni akilima juu ya kaburi la baba yao. Hofu hiyo ina jibu, nalo limo ndani ya hukumu yenyewe. Mwanazuoni anayemwambia mzee huyo kwamba Katiba imeshinda mila, kisha akanyamaza, amempotosha kuhusu sheria na amemnyima sababu ya kuikubali.

Upungufu huu una gharama kubwa zaidi katika ngazi za juu. Ephrahim ni hukumu ya Mahakama Kuu. Haikufika Mahakama ya Rufani, ambayo tangu 1979 ndiyo yenye neno la mwisho. Mwaka 2006 jopo la Mahakama Kuu, Dar es Salaam, lilipokea shauri la wajane wawili wa Shinyanga waliopinga kanuni za urithi za Tamko hilo hilo. Majaji walikiri kwamba kanuni zinabagua, lakini wakakataa kuzibatilisha. Waliogopa kwamba wakigusa mila moja, za makabila mengine yote zitafuata, wakawaelekeza wajane kwenye halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu, pasipo Mahakama ya Rufani kuingia kwenye kiini cha shauri. Wajane hao walilazimika kwenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake.

Hivyo hakimu wa Mahakama ya Mwanzo leo ana maamuzi mawili ya Mahakama Kuu yanayovutana, na hana kauli ya Mahakama ya Rufani inayoyapatanisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini kanuni za urithi za 1963 hazijaondolewa vitabuni. Makala nyingi zinazoitaja Ephrahim kana kwamba imemaliza suala hili zinamwacha hakimu huyo peke yake.

Wapo wanaosema kwamba mwanazuoni hapaswi kuielekeza mahakama ya juu. Sikubaliani nao, na mahakama yenyewe imeonyesha vinginevyo. Katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kuhusu mgombea binafsi, Mahakama ya Rufani iliwasikiliza Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwani Mwaikusa kama marafiki wa mahakama. Uamuzi wa Juni 2010 uliliacha suala hilo mikononi mwa Bunge, lakini fikra za wasomi ziliwekwa mezani hadharani, mahali panapostahili. Mahakama hiyo pia haiogopi suala la usawa likiletwa vizuri. Mwaka 2019, katika rufaa dhidi ya Rebeca Gyumi, ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Afrika Kusini katika shauri la Bhe mwaka 2004, na Botswana katika shauri la Ramantele dhidi ya Mmusi mwaka 2013, mahakama za juu kabisa ziliingia kwenye urithi wa kimila bila nchi kusambaratika.

Kazi iliyobaki ni yetu. Kwanza, uchambuzi wa Ephrahim uandikwe kwa Kiswahili, ukitaja haki ya kukomboa katika aya ya kwanza, si katika tanbihi. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila uchambuzi mwingi wa Katiba yetu bado unamfikia tu msomaji wa Kiingereza. Pili, tuichukulie kwa uzito ile njia ya halmashauri iliyotajwa mwaka 2006. Baraza la madiwani la Karagwe au la Kyerwa linaweza kuanzisha marekebisho ya mila inayotumika kwake, na wanasheria wanapaswa kupeleka rasimu huko, wakiwa na kanuni ya ukombozi mkononi. Tatu, suala hili likipandishwa tena Mahakama ya Rufani, jopo likute hoja iliyokamilika: kwamba usawa wa binti na kuendelea kwa ukoo viliwahi kukaa ndani ya hukumu moja, iliyotokana na shauri la mkoa huu, na kwamba hofu ya majaji wa 2006 ilikuwa imeshajibiwa miaka 16 kabla hawajaieleza.