HiAce Yetu na Baridi ya Rosettenville, 1999 hata 2014

Katika vitabu vyetu vya miaka iliyopita zimekwisha andikwa habari za safari, za ndoa na za marehemu wetu. Mwaka huu nimeombwa niandike historia ya gari, nami nimekubali, kwani wengi wa vijana wasomao kurasa hizi walipelekwa chuoni na gari lile, ila hawajui kwa nini wazee wao walikuwa wakiamka saa kumi usiku kulihangaikia. Na yamo mambo katika historia hiyo yanayonihusu mimi mwenyewe, ambayo sijapata kuyaandika.

Kwanza tuutazame mji. Johannesburg ilianzishwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, na mwaka huo huo, kule Ujerumani, Karl Benz alipewa hati ya gari lake la petroli. Basi mji huu na motokaa ni marika. Lakini waliouweka hapa waliifuata dhahabu tu, wakauweka juu kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Rosettenville, kusini ya mji, aghalabu imekuwa mahali pa wageni: walikuja Wareno wa Madeira, wakafuata watu wa Msumbiji na Angola, kisha Wakongo, kisha sisi. (Jamaa wa Masasi watapenda kukumbushwa kwamba Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wao tangu 1960 hata 1968, alitumika hapa hapa Rosettenville kabla ya kwenda kwao, kwenye shule ya St Peter's ambako Oliver Tambo naye alipata kufundisha. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Gari tulilinunua mwaka 1999, nyumba sita kwa mchango, nami nikawekwa kushika fedha kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Lilikuwa Toyota HiAce lililokwisha fanya kazi ya teksi. Baada ya sheria ya mwaka 1988 kuruhusu magari ya abiria 16, HiAce zilijaa kila barabara ya nchi hii, na zilipochoka ziliuzwa kwa watu kama sisi. Lilibeba watoto, mitumba, magunia ya unga, maharusi, na mara mbili jeneza.

Mwezi wa Mei ulipoingia, likagoma. Sisi wa Lindi tulidhani limerogwa au tumeuziwa gari bovu. Ukweli ni kwamba hatukujua kifundo kidogo cha kuvuta kilichokuwa chini ya usukani ni cha kazi gani. Kwetu pwani dereva huwasha gari alfajiri kama awashavyo mchana. Choki ikioza ndani ya gari hapana aulizaye. Hapa Julai usiku hushuka hata digrii 4, na mara nyingine chini ya sifuri, magari yakapambazuka meupe kwa sakitu. Mwaka 2012, tarehe 7 Agosti, ilianguka theluji kabisa.

Naeleza kwa ufupi, maana vijana wana magari yasiyo na kabureta. Petroli haiungui ikiwa maji. Huungua ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Katika baridi nyingi yake hubaki matone, ikaganda kwenye kuta za njia ya kuingilia, na injini ikapata hewa tupu. Choki ni kibati mdomoni mwa kabureta: ukikifunga, hewa hupungua na injini hufyonza petroli nyingi zaidi, hata mvuke ukatosha. Injini ikishapata moto hapana budi ukifungue, ama sivyo plagi huwa nyeusi kwa masizi. Na huku juu hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa pwani hutoa petroli ya kuzidi, na plagi hulowa upesi. Ongeza betri, ambayo katika baridi hupoteza nguvu, ilhali oili imekuwa nzito kama asali na stata yadai nguvu zaidi.

Hayo tulijifunza kidogo kidogo. Tulijifunza kuegesha gari likielekea mteremko, ili asubuhi lisukumwe kwa gia ya pili. Kupangusa umande ndani ya kifuniko cha distribyuta kwa kitambaa kikavu. Kuilaza betri ndani ya nyumba, jikoni, jambo ambalo wanawake hawakulipenda, na walikuwa na haki.

Majira ya baridi ya mwaka 2007 waya wa choki ulikatika. Fundi alitaja bei, nikasema tungoje. Dereva wetu akazoea kukanyaga mafuta mara nyingi kabla ya kupiga stata, na gari likawaka, basi nikaona nimeokoa fedha za jamaa. Mwezi wa Aprili dereva alinikumbusha. Nikamwambia watoto wanadaiwa ada.

Tarehe 11 Mei 2008 ghasia za kuwapiga wageni zilianza Alexandra, zikaenea. Watu 62 walikufa kabla hazijatulia, na 21 kati yao walikuwa wenyeji. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 19, saa nane, simu ililia kwangu. Ni binti wa dada yangu: wamekimbia vibanda vyao upande wa mashariki ya mji, wako uani kwa kituo cha polisi, watu kumi na mmoja, na mtoto wa siku nane. Nikamwambia, "Mwanangu, nusu saa tutakuwa hapo."

Dereva alikanyaga mafuta kama desturi yake. Kwa haraka alikanyaga kupita kiasi, na baada ya dakika chache petroli ilinuka njia nzima. Aliendelea kupiga stata mpaka betri ikalegea. Tukasukuma mteremko wote hadi chini, halikuwaka, na sasa lilikuwa bondeni.

Tuliinua kiti cha mbele, maana injini ya HiAce iko chini yake, tukafungua plagi zote nne. Zilikuwa zimelowa. Mama watoto akazikausha juu ya moto wa gesi kwenye kikaango. Mzee mmoja wa Madeira, jirani, alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akitukana kwa Kireno, na jamaa zetu wa Msumbiji wakamjibu kwa Kireno hicho hicho. Kumbe alikuwa akiitukana baridi. Akasogeza gari lake akatuazima moto wa betri. Tuliacha nafasi za plagi wazi petroli ipate kutoka, tukazirudisha plagi zingali moto, tukaondoa kifuniko cha chujio la hewa, nami nikakishika kibati cha choki nusu kwa mwiko wa mti, nikiogopa moto usinirukie. Likawaka saa kumi na moja kasoro robo.

Tulipofika kituoni tuliwakuta kumi. Mpwa wangu mkubwa, ndugu yake yule binti, alingoja hata saa kumi, kisha akasema mjomba haji, akarudi kibandani kwa miguu kufuata pasipoti yake na cherehani. Tulimpata mchana hospitalini. Jicho la kushoto halikuponea.

Waya mpya ulitiwa wiki ile ile. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko petroli ya juma moja. Katika kikao cha jamaa wengine walimlaumu dereva, na mimi nilikaa kimya, nikawaacha wamlaumu. Alikwisha rudi Tanga kabla sijamwomba radhi. Nilimwomba kwa simu mwaka 2011, akasema amesahau, nami najua hakusahau. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, wanawe wakisome kitabu hiki wajue baba yao alikumbusha.

Mpwa wangu alirejea Lindi mwaka ule ule na ana duka la nguo. Gari tuliliuza mwaka 2014 kwa mnunuzi wa vyuma. Lililofuata lilikuwa halina kabureta wala choki. Kompyuta yake hupima baridi yenyewe na kutoa petroli kwa kadiri, na watoto huliwasha Julai kwa mkono mmoja huku wakinywa chai.