Wazamiaji Kutoka Bara

Ukimwambia kijana wa mjini kwamba unataka kuzamia, hatafikiria samaki wala matumbawe. Atajua unatafuta meli ya kujificha ukatokee ng'ambo. Hiyo ndiyo maana iliyoshika mitaani tangu miaka ya 1980 na 1990, vijana walipokuwa wakivizia meli bandarini Dar es Salaam.

Kuzamia kwenyewe, kule chini ya maji, tumewaachia watalii. Wao ndio wanaokwenda Mafia, Pemba na Mnemba, mtungi wa hewa mgongoni na miwani ya kioo usoni, kutazama matumbawe. Sisi wa Mbeya na Iringa tunasema bahari ni mambo ya watu wa pwani, sisi wenzenu ni watu wa baridi na viazi. Lakini historia haikubaliani nasi.

Tuanze na pwani yenyewe. Watu walizama kwenye matumbawe karne nyingi kabla ya mtalii wa kwanza. Mafundi wa Kilwa na Unguja walijengea mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, lakini kwa kazi ya nakshi walitaka tumbawe bichi kutoka baharini. Likiwa na maji ni laini, linachongeka. Likikauka linakuwa gumu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka sawa na 1107. Basi kuna mtu aliyelifuata jiwe lile majini, na jina lake halikuandikwa popote.

Sasa tuje kwetu bara. Katika karne ya 19 Kilwa ilikuwa bandari kubwa ya watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa, ziwa hilohilo tunaloliona Matema, wilayani Kyela. Darasani hadithi yao hukomea sokoni Mkunazini, Unguja, soko lililofungwa mwaka 1873. Mwalimu anafuta ubao, kengele inalia. Kumbe kwa wengine safari ilikuwa bado. Majahazi yaliendelea kuwachukua hadi Oman na Ghuba, na hata baada ya soko kufungwa biashara hiyo iliendelea kwa magendo. Huko Ghuba walihitajika kuchuma tende na kuzamia lulu.

Ile kazi haikuwa mchezo. Msimu mkubwa ulikuwa wakati wa joto kali, kuanzia kama Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akatia mguu kwenye kamba yenye jiwe, akashushwa hadi chini kwenye chaza. Alijaza kikapu kwa pumzi moja tu, dakika moja au zaidi kidogo, kisha akatikisa kamba ili mwenzake wa juu amvute. Akapumzika kidogo, akashuka tena, kutwa nzima. Lulu zilikwenda kuuzwa Bombay, Paris na New York. Ujira wa mtumwa ulichukuliwa na bwana wake.

Fikiria mtu aliyezaliwa kwenye migomba, chini ya milima, sasa anafumbua macho ndani ya maji ya chumvi.

Biashara hiyo ilianguka baada ya mwaka 1929. Dunia iliingia katika mdororo wa uchumi, na lulu za kufugwa za Wajapani zikajaa sokoni. Wengi wa wazamiaji wale hawakurudi kwao. Wajukuu wao wako Ghuba mpaka leo.

Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi kwa kadiri ya kina alichopo. Kuanzia hapo mtu akaweza kukaa chini karibu saa nzima, na kuzamia kukawa starehe. Kwetu, sheria ya hifadhi za bahari ilitungwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, matumbawe yakilindwa dhidi ya baruti za wavuvi. Ni jambo jema. Ila mgeni anayeshuka pale huambiwa majina ya samaki, haambiwi kwamba katika bahari hii ya Hindi watu wa bara walishushwa kwa kamba.

Nasema haya kwa sababu sisi tunaojifunza kuandika tunapenda kulalamika kwamba Mbeya hakuna hadithi, ati mpaka uende Dar. Hadithi ya mzamiaji kutoka Nyasa inangoja riwaya yake kwa Kiswahili. Mhusika wake mkuu anaongea lugha ya bibi zetu. Anajua ukungu na mvua za milimani, na anatujua sisi kuliko anavyomjua Cousteau.

Kazi kwetu.